Ndoano ya krapi: ipi ya vidagaa, ipi ya jigi, na kwa nini waya mwembamba ndo kila kitu

Watu wakianza kumvua krapi huku Marekani wanauliza kwanza fimbo gani, rili gani, boti gani, hela inaishia huko huko, alafu ndoano wanachukua pakiti yoyote iliyoning'inia mbele yao dukani. Kwangu mimi mpangilio uko kinyume. Ndoano ndo inaamua kama kidagaa wako, yaani samaki mdogo wa chambo, atakaa hai, kama samaki atabaki kwenye mshipi mpaka umfikishe kwenye wavu, na kama ukinasa kwenye kisiki utaondoka na vifaa vyako au utakata kila kitu uanze kufunga upya. Naandika nikiwa na maziwa ya Texas kichwani, hasa yale ya kuzunguka Dallas, yaani Lavon, Ray Hubbard, Tawakoni na kule mashariki Lake Fork, maana waswahili wengi wako maeneo haya na wikendi wanatafuta pa kwenda na watoto, ila haya mambo yanafanya kazi vilevile ukiwa Kentucky, Tennessee, Mississippi au popote krapi alipo.

Kwanza mjue samaki mwenyewe. Kuna krapi mweupe, ana michirizi ya giza inayoshuka ubavuni, na kuna mweusi, huyo ana madoadoa yaliyotapakaa tu bila mpango, na kama huna uhakika hesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni, mweupe kwa kawaida ana 5 au 6, mweusi ana 7 au 8. Wote wawili wanakula visamaki vidogo, wote wanapenda kujificha kwenye matawi yaliyozama, visiki, nguzo za madaraja na chini ya magati, na wote wana mdomo wa ngozi nyembamba sana mpaka Wamarekani wanawaita mdomo wa karatasi. Ukimshika mmoja mpanue mdomo taratibu uutazame kwenye mwanga, pembeni pale utaona mwanga unapita kabisa. Hapo ndo ndoano yako inapoingia mara nyingi, na hapo ndo panapochanika.

Sasa sisi tuliokua karibu na Ziwa Victoria tumezoea ndoano ya sangara, chuma kinene, mshipi mnene, samaki akigusa unavuta kwa nguvu zote. Ile tabia iache nyumbani. Krapi ukimvuta hivyo unabaki na kipande cha mdomo na samaki kaenda zake.

Jambo lenyewe ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote ni hili: ndoano ya krapi inatakiwa iwe dhaifu kuliko mshipi wako. Najua linasikika vibaya, maana kwa samaki wengine wote tunafundishwa ndoano iwe na nguvu. Lakini fikiria unapovua. Unashusha chambo katikati ya matawi, ni lazima unase, hakuna namna, kama hunasi kabisa basi huenda uko mbali na samaki. Ukiwa na ndoano ya waya mwembamba na mshipi wa ratili 8 au 10 (hiyo ni nguvu ya mshipi kabla haujakatika), ukinasa unavuta moja kwa moja, polepole bila kukurupusha, na utasikia kabisa mkononi kitu kinalegea, ndoano inakunjuka na inatoka. Unaikunja tena kwa plaizi, unaweka kidagaa mwingine, unaendelea kuvua pale pale na samaki hawajashtuka. Ukiwa na ndoano nene kitakachokatika ni mshipi, na ukitikisa tikisa kichaka kizima kujinasua krapi wote waliokuwa pale wanatawanyika. Ukitumia mshipi wa ratili 4 hesabu inabadilika, hapo mshipi utakatika kabla ndoano haijakunjuka, kwa hiyo mshipi mwembamba namna hiyo uweke kwa ajili ya maji meupe yaliyo wazi yasiyo na miti.

Ndoano inayofanya kazi hii inaitwa Aberdeen. Utaitambua kwa shina refu, waya mwembamba, kikunjo cha duara, na mara nyingi ni ya rangi ya dhahabu. Karibu kila duka la chambo la kusini wanayo, na kama una hela ya aina moja tu ya ndoano ya vidagaa basi chukua hii ufunge mjadala. Waya mwembamba una faida ya pili ambayo watu wanaisahau, tundu linalobaki kwenye mwili wa kidagaa ni dogo, kwa hiyo anaogelea muda mrefu zaidi, na kidagaa anayehangaika ndo anayemwita krapi, aliyekufa ananing'inia tu. Faida ya tatu ni lile shina refu, samaki akimeza ndani kidogo unapata pa kushika, unageuza na kuitoa bila kumuumiza sana.

Saizi ndo inawachanganya wengi kwa sababu namba zinaenda kinyume. Namba 8 ni ndogo kuliko namba 6, namba 6 ndogo kuliko 4, ukishafika namba 1 ndo unageuka, inayofuata ni 1/0 alafu 2/0 na hizo zinakua kadiri namba inavyopanda. Kwa krapi utaishi kati ya namba 6 na namba 1, na 1/0 kwa siku maalum. Usichague saizi kwa kuangalia samaki, chagua kwa kuangalia kidagaa. Kidagaa wa inchi moja na nusu mpe namba 6. Wa inchi mbili, ambaye ndo wa kawaida kwenye ndoo nyingi, mpe namba 4. Wale wakubwa wa inchi mbili na nusu mpaka tatu wape namba 2 au namba 1. Kipimo changu ni rahisi, ukishamtoboa kidagaa angalia ncha ya ndoano, lazima ibaki wazi kabisa na nafasi ya kutosha kati yake na mwili wake, kama ncha imejificha kwenye nyama ndoano ni ndogo, na kama kidagaa anainama upande mmoja kwa uzito basi ni kubwa. Wala usiogope kwamba namba 2 ni kubwa kwa mdomo wa krapi, mdomo wake ukifunguka ni mpana kuliko unavyodhani, na huyu samaki anakua, mweupe wa rekodi ya dunia alitoka Enid Lake, Mississippi mwaka 1957 akiwa na ratili 5 na aunsi 3, kilo mbili na zaidi hizo.

Vidagaa wenyewe dukani kuna aina mbili tatu, wengi wanaotumika kwa krapi ni wale wadogo wagumu wa rangi ya kijivu wanaitwa fathead, na wale wa kung'aa wanaitwa golden shiner. Wengi wanafugwa kwenye mabwawa Arkansas, hasa upande wa Lonoke, ndo wanasambazwa kwenye maduka. Fathead anavumilia joto na ndoano, shiner anang'aa vizuri ila anakufa haraka, kwa hiyo ukinunua shiner ndo uzidi kuzingatia waya mwembamba, na uwe na kapampu ka hewa kwenye ndoo hasa kiangazi cha Texas.

Namna ya kumtoboa kidagaa inategemea unavua vipi, na hapa watu wanapoteza samaki bila kujua. Kama unamtundika chini ya boya na kumwacha atulie, mtoboe mgongoni, nyuma kidogo ya pale pezi linapoanza, ndoano ipite juu ya uti wa mgongo, juu juu tu, ukigusa uti amepooza na hana kazi tena. Mshike kwa vidole viwili vilivyoloa maji, usimbane, pitisha mara moja, mwachie. Kama unarusha na kuvuta, au boti inatembea taratibu, mtoboe midomo yote miwili kuanzia chini kwenda juu ili mdomo ufungwe na aje akiwa amenyooka kama anaogelea, ukimtoboa mgongoni na kumvuta atazunguka zunguka na kupotosha mshipi. Kuna wanaopitisha ndoano mdomoni itokee kwenye shavu alafu wanamchoma tena mgongoni, hiyo inamshikilia sana kidagaa na inafaa pale samaki wanapoiba chambo bila kunasa, ila inahitaji shina refu la Aberdeen na kidagaa hadumu.

Ndoano nyingine nitazipitia haraka. Ile yenye vijino vidogo kwenye shina ni ya minyoo, kwa kidagaa inamchana, usiichukue. Yenye ncha tatu iache kabisa, inanasa kila tawi. Kahle, ile iliyopanuka kama imetanuliwa, ni nzuri kwa kidagaa mkubwa maana ina uwazi mpana, ila nyingi ni za waya mnene kwa hiyo ishike kwanza vidoleni. Ya shina fupi iliyojikunja inamficha kidagaa vizuri lakini kuitoa ni kazi. Ya duara, ile ncha yake inatazama ndani kwenye shina, ina mahali pake, ni pale unapoacha fimbo kwenye kishikio na hauko tayari kuikamata haraka, samaki anageuka mwenyewe na ndoano inamshika pembeni ya mdomo. Sharti lake usivute ghafla, chukua fimbo na anza kukunja rili tu, ukikurupusha unaitoa mdomoni. Na kuna yenye kikunjo cha pembe kali, wanaiita sickle, hiyo inamshika samaki imara sana na inakataa kukunjuka, naipenda kwenye maji ya wazi na kwenye nguzo za madaraja, ila kwenye kichaka cha Lake Fork faida yake inageuka hasara kwa sababu zile zile nilizosema juu.

Rangi watu wanabishana, dhahabu, shaba, nyekundu. Sijaona tofauti ya kunifanya nilipe zaidi. Ukali wa ncha ndo wa kulipia. Weka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, ivute polepole, ikikwama pale ni kali, ikiteleza itupe au inoe kwanza, na fanya hivyo kila baada ya kunasa kwenye mti.

Kuna ufungaji mmoja ambao ningependa kila mtu aujue, wa ndoano mbili na chubwi chini, wenyeji wanauita wa Kentucky. Chubwi ya nusu aunsi au hata aunsi moja inakaa mwisho kabisa wa mshipi, juu yake kama futi moja na nusu unaweka kitanzi kifupi chenye Aberdeen, juu tena nafasi kama hiyo kitanzi cha pili. Unashusha mpaka chubwi iguse kisiki, unanyanyua kidogo, unajua kabisa ndoano ziko juu ya mti na sio ndani yake. Chubwi ndo inagonga matawi, ndoano zinapita salama. Na zile ndoano mbili ziko kina tofauti, kwa hiyo samaki wenyewe watakuonyesha wako wapi.

Na kina ndo cha kuangalia hasa, maana krapi macho yake yanatazama juu na anapanda kula. Chambo kikiwa juu yake kidogo anakiona, kikiwa chini yake hana habari nacho. Kwa sababu hiyohiyo mara nyingi boya halizami. Anachukua kidagaa anapanda nacho, uzito unaondoka kwenye boya, na boya linalala ubavu juu ya maji. Ukiona limelala usisubiri lizame, nyanyua fimbo, nyanyua tu kwa kiwiko, usirudishe mkono nyuma kwa nguvu.

Haya, jigi. Jigi ni ndoano iliyomiminiwa kichwa cha risasi, alafu unaivisha mwili wa plastiki au inakuwa imefungwa manyoya. Hapa unachagua vitu viwili kwa wakati mmoja, uzito na ndoano, na wengi wanaangalia uzito peke yake. Uzito unaamua jigi inazama haraka kiasi gani. 1/32 ya aunsi, haifiki hata gramu moja, inashuka taratibu na inafaa maji mafupi chini ya boya. 1/16 ndo ya kila siku, kama ukinunua uzito mmoja nunua huo. 1/8 ni ya upepo, ya kina kirefu, na ya kwenye madaraja ambako maji yanasukuma. Kwenye maji baridi samaki hana haraka, mpe nyepesi.

Alafu sasa angalia ndoano iliyomo ndani ya hiyo jigi, maana mbili za 1/16 zinaweza kuwa na ndoano tofauti kabisa, moja namba 6 na nyingine namba 2. Chukua plastiki unayotaka kuivisha uiweke pembeni ya jigi hapo hapo dukani. Ndoano itokee mgongoni kwa plastiki karibu katikati, na uwazi uliobaki kati ya ncha na plastiki uwe walau sawa na unene wa plastiki yenyewe. Plastiki nene ya inchi mbili kwenye ndoano namba 6 inajaza uwazi wote, samaki anafunga mdomo, ncha haimgusi, unasikia wanagonga asubuhi nzima na hupati kitu. Kwa plastiki za inchi moja na nusu namba 6 au 4 inatosha, za inchi mbili nenda namba 4 au 2. Na uivishe iwe imenyooka, ikijikunja hata kidogo itazunguka majini na krapi hapendi.

Tundu la mshipi kwenye jigi nzuri ya krapi limekaa juu ya kichwa kwa pembe ya digrii 90, na sababu yake ni jigi ining'inie ikiwa imelala kama samaki anavyolala majini. Lakini fundo lako linaweza kuharibu hiyo kazi yote. Ukifunga ukakaza, fundo likateleza nyuma au mbele ya tundu, jigi inainua mkia au inaning'inia kichwa juu. Kila ukimtoa samaki angalia fundo, lisukume kwa ukucha lirudi juu katikati, kisha ishushe pembeni ya boti uione imelala sawa. Kama hutaki usumbufu huo funga fundo la kitanzi kisichobana, jigi inacheza yenyewe.

Waya wa jigi nao unahusika na lile suala la kunasa. Nyingi za rangi ya shaba zinakunjuka vizuri, zile nyeusi za kung'aa mara nyingi ni ngumu zaidi, basi kwenye miti chukua zile laini. Zipo pia zenye kinga ya waya au nyuzi mbele ya ncha, zinapita kwenye matawi bila kunasa, ila ipinde kinga kwa kidole kabla hujaitumia, ikiwa ngumu sana mdomo wa krapi hauwezi kuisukuma. Mimi nazitumia tu pale kichaka kimeshonana kabisa.

Kuchanganya jigi na kidagaa ndo dawa ya siku samaki wanapogoma, maji yamepoa au upepo umegeuka. Tumia kidagaa mdogo, mtoboe midomo kutoka chini kwenda juu, na plastiki ama ivue ama weka fupi kabisa, maana ukiweka vyote viwili ule uwazi tuliouhangaikia unaisha. Hapo jigi ya manyoya inashinda plastiki, manyoya yanalala samaki anapofunga mdomo na hayazibi ncha. Ishushe, iache itulie. Kidagaa anafanya kazi, wewe shika fimbo tu.

Majira nayo yanasogeza uchaguzi kidogo. Machipuko maji yakifika kati ya nyuzi 62 na 68 za Fahrenheit, ambazo ni kama 17 mpaka 20 za Selsiasi, wanakuja pembeni kutaga, kina cha futi mbili mpaka sita, na hapo hata ukiwa ukingoni bila boti unawapata kwa jigi ya 1/32 chini ya boya au kidagaa kwenye namba 4. Kiangazi wanaenda kwenye kina, madaraja na miti iliyosimama, ndoano mbili za Kentucky hapo ndo mahali pake. Baridi ikiingia wanashuka zaidi na kukusanyika, vidagaa wadogo, ndoano namba 6, mwendo wa polepole.

Mwisho sheria, na hizi zinahusiana na ndoano kuliko watu wanavyofikiri. Texas kwa maziwa mengi krapi lazima afike inchi 10 na mwisho ni samaki 25 kwa siku kwa mtu mmoja, weupe na weusi kwa pamoja. Leseni ni lazima ukiwa na miaka 17 na kuendelea, chini ya hapo haihitajiki, na ukivua kutoka ukingoni ndani ya hifadhi za jimbo, kwa mfano Lake Tawakoni State Park au Cedar Hill State Park, leseni hawakudai, unalipa kiingilio tu. Kwa kuwa utakuwa unarudisha wadogo wengi, bana kijino kile cha karibu na ncha ya ndoano kwa plaizi kilale, inatoka kwa sekunde moja na mdomo hauchaniki. Aliyemeza mpaka ndani usimkoroge kutafuta ndoano, kata mshipi karibu na mdomo umwachie. Ila Lake Fork kuanzia tarehe 1 Disemba mpaka mwisho wa Februari mambo ni tofauti, hakuna kipimo cha urefu na kila krapi unayempata unatakiwa umchukue ahesabiwe kwenye wale 25, kwa sababu wakati huo wanatoka kina kirefu na ukiwarudisha wengi wanakufa. Kwa hiyo kule wakati wa baridi usianze na chambo kidogo sana, weka namba 2 na kidagaa mkubwa ili upunguze wadogo, ukifika 25 kunja mshipi. Vidagaa waliobaki usiwamwage ziwani, na kama una boti maji yote yatolewe kabla hujaondoka, maziwa kadhaa ya huku yameshaingiliwa na kome wa zebra na wanasafiri kwenye maji hayo hayo.